Najiat, Haya Ndiyo Maneno ya Kukataa

Isevya,
Tabora.
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mwanangu mpendwa Najiat,

Asalaam alaykum. Nakusalimu kwanza kama shangazi yako, kisha kama mwalimu wako, maana ombi lako umelileta kwa wote wawili. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na ule mgongo ulioumia kwa kubeba maboksi dukani umepoa. Usiniandikie kwamba umepoa kama bado unauma. Naambiwa huko kwenu sasa ni kiangazi, na kwamba hicho kiangazi chenyewe mnakivalia sweta. Poleni sana.

Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia tangu alipokubali kupunguza chumvi, ingawa majirani wananiambia akienda kwao huila kwa siri. Mimi magoti yananisumbua wakati wa kusujudu, lakini sehemu nyingine zote bado zinanitii. Huku ni upepo na vumbi. Ukifua kanga asubuhi, adhuhuri unaifua tena.

Barua hii anakuletea Elieth, binti wa mzee Plasidi, wale majirani zetu waliohamia hapa kutoka Ulyankulu. Anaondoka kesho, anakuja kusomea uuguzi mji wa jirani na huo wako wa Leeds. Mpokee, ni mtoto mpole na baridi hajawahi kukutana nayo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na sauti ninazokutumia nahisi unazifuta nikiwa bado kwenye salamu. Karatasi haina kitufe cha kuizimia.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa mfupi na mkali. Ulisema baba yako amekutoa uolewe na Lamin bila kukuuliza, kwamba hutaongea naye tena, na kwamba mimi niliyekufundisha Kiingereza nikupe maneno ya kukataa yasiyovunja heshima. Heshima hiyo naielewa. Lamin na watu wake wa Gambia ndio waliokupokea ulipofika huko hujui kulia wala kushoto, na mama yake Lamin alikuletea uji hospitali kama mzazi. Naelewa pia kwamba Lamin kwako ni ndugu kama Mussa, na mtu haolewi na nduguye. Hilo sikuhitaji uniambie mara ya pili.

Maneno nitakupa, tena mengi. Lakini nianze na baba yako, maana bila hilo Kiingereza chote hakitakusaidia. Najiat, baba yako hakukutoa. Ile posa aliikataa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ileile walipopiga simu.

Usikunje uso, nisikilize. Wewe uliondoka hapa kabla hujafikia umri wa kukaa kwenye vikao vya posa, kwa hiyo utaratibu wenyewe huujui. Kwetu posa haikataliwi kwa neno la kukataa. Wageni unawakaribisha, unawapa kahawa, unausifu ukoo wao mpaka wenyewe wanaona haya, halafu unasema binti bado anasoma. Hata mimi nilipoposwa na mtu mmoja wa Nzega ambaye sikumtaka, marehemu babu yako alimwambia bado nasoma, nami wakati huo nilikuwa mwalimu, nina darasa langu na fimbo yangu. Yule bwana alimaliza kahawa, akashukuru, akapanda baiskeli. Alielewa. Kutoka hapa mpaka Ujiji, mtu akiambiwa binti bado anasoma anaanza kutafuta viatu vyake.

Sasa Bwana Ceesay, huyo mjomba wake Lamin, si mtu wa njia hiyo ya Ujiji. Alipiga simu kutoka huko, kwa adabu zote, akaomba binti. Mimi nilikuwa msibani Urambo. Akaitwa mwanangu Abasi atafsiri, na Abasi unamjua, Kiingereza chake ni cha kuuzia simu. Kaka yangu akasema maneno ya kwetu: tumefurahi sana, ninyi ni watu wema, ila binti bado anasoma. Abasi akayabeba neno kwa neno. Bwana Ceesay akajibu hakuna shida, tutasubiri. Kaka akaona mgeni amejiondokea kistaarabu, mgeni akaona amepewa mke, na kila mmoja akaenda kulala na furaha yake.

Ulipomaliza mitihani mwezi wa sita, Bwana Ceesay akapiga tena, akawapongeza, akauliza sasa waje lini. Baba yako alitoka jasho. Unajua hakuna mtu aliye mzito wa kusema hapana Tabora nzima kama Idrisa. Ni mtu aliyewahi kununua mbuzi kipofu kule Ziba kwa sababu mwenye mbuzi alikuwa ameshamsifia njia nzima. Basi akajitutumua, akasema tutawajulisha. Kwetu hapo hata kiziwi angeelewa. Wao wakasikia kwamba watajulishwa tarehe. Kila alipokataa, ndoa ilisogea karibu zaidi, na wewe habari ulizipata kwa Lamin kwamba baba yako amekubali. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ningekuwa nyumbani lisingefika huko, na nasema hivyo bila kujisifu.

Jambo hili nililijua wiki iliyofuata ujumbe wako. Nilivaa buibui nikaenda dukani kwake moja kwa moja. Nilimkuta amekaa katikati ya magunia ya mchele, uso umemwiva. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, ila alinitangulia. Aliniambia, "Zamda, nifundishe kukataa kwa Kizungu. Lakini nisimuumize yule mzee, hana kosa." Kwa hiyo maneno uliyoniomba wewe nimeyafundisha kwanza kwa baba yako, palepale dukani, na wateja wakisikia.

Nilianza na reject kwa sababu hilo analijua kila mtu huku. Wakulima wa tumbaku wa Goweko, ambao wengine hata good morning hawaijui, watakuambia mtumba wangu umerijektiwa. Na wanalitumia sawasawa kabisa. Reject ni ya kitu kilichopimwa kikaonekana hakifai: mtumba wa tumbaku, maombi ya kazi, figo iliyowekwa kwenye mwili usioitaka. Ukimwambia mtu I reject you, umemweka kwenye mizani mbele za watu na kumtupa pembeni. Baba yako alitikisa kichwa, akasema hawa si tumbaku. Nikampa alama zote.

Tukaenda kwenye refuse. Hilo ni neno la mtu aliyekaza miguu. Watoto hu-refuse kula, punda hu-refuse kuvuka daraja, shahidi hu-refuse kujibu. Halina matusi ndani yake, lakini halina tabasamu pia. Anayelitumia anataka ujue kwamba hata ukimvuta haendi. Liweke akiba, mwanangu, kwa siku ambayo mtu atakataa kusikia neno la upole. Mwanamke asiye na refuse yake mfukoni asitoke nyumbani.

Deny usiliguse kabisa. Nimefundisha miaka mingi na kila mwaka walikuwepo wa kuniandikia kwamba they denied the invitation. Deny ni kukana, kama mwizi anavyokana mbele ya hakimu, au ni kumnyima mtu kitu anachostahili, kama wale waliokunyima viza mara ya kwanza. Huwezi kui-deny posa. Ukisema hivyo utakuwa unadai kwamba haikuletwa, na kahawa ilishanywewa.

Dismiss nalo ni la wakubwa. Ni kulisukuma jambo pembeni bila hata kulitazama, kama nilivyokuwa nikifanya mlipodai kwamba saa ya shule ndiyo iliyokosea. Meneja hum-dismiss mfanyakazi. Wewe si meneja wa Lamin. Na spurn ni kukataa kwa dharau, unalikuta zaidi vitabuni, kwa mtu aliyeletewa moyo akaupiga teke. Rebuff ni pungufu kidogo ya hapo: mtu amekusogelea kwa wema, ukamrudisha nyuma kwa ukali. Yote hayo yapo, yajue, lakini usiyavae.

Yanayokufaa ni mawili. La kwanza ni decline. Hilo ni kukataa ukiwa umesimama wima na mkono uko kifuani. Mtu anakualika chakula nawe umefunga, una-decline. Unaweza kulipamba kwa heshima mbele na shukrani nyuma, nalo linapendeza. Baba yako alilipenda papo hapo. Nikamtungia sentensi, We respectfully decline, akawa anaifanyia mazoezi huku anapima mchele. Masolwa, yule anayetuletea mchele kutoka Igunga, alisimama mlangoni akamsikiliza, akauliza, "Mzee Idrisa, mwaka huu unagombea?" Kaka akamjibu We respectfully decline, na watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu uache kumpigia.

Ila decline ina baridi yake. Ni neno la barua na la maofisini. Baba akiongea na mjomba wa upande wa pili linatosha. Wewe na Lamin, mliokula sahani moja, linawatenga. Waingereza wenyewe kwenye mambo ya nyumbani husema turn down. She turned him down. Hivyo ndivyo dada humhadithia dada jikoni. Ni la kawaida, halina hukumu. Kitu kililetwa, nawe hukukichukua, na aliyekileta anabaki mtu mzima mwenye heshima zake. Lakini angalia, hilo nalo ni la kusimulia baadaye. Usoni kwa mtu halisemwi. Usoni mwambie Lamin kwa maneno mepesi kwamba unamthamini, kwamba huwezi kuolewa naye, na kwamba jibu halitabadilika. Hayo matatu, kwa mpangilio huo, na la tatu usilisahau hata kama anakuhurumisha. Ukiliacha utakuwa umefanya kama baba yako.

Watakuja wa kukuambia mkataa pema pabaya panamwita. Wapo wengi, hata huku wameshaanza, na mke wa imamu alinifuata mpaka kisimani. Methali ni ya kweli, siibishii. Ila pema hapajulikani na mpita njia, panajulikana na atakayelala hapo. Nilimjibu hivyo, tukachota maji.

Nimebakiwa na maneno mawili, na haya hayahusu Lamin peke yake. Moja ni jilt. Hilo ni la aliyekubali kisha akamwacha mwenzake njiani, nguo zimeshashonwa. Wewe hukukubali, lakini Bwana Ceesay aliamini umekubali, na kama mngenyamaza nyote mpaka wakaja hapa na masanduku yao, neno hilo lingekuganda maisha yako yote, huku na huko, na wala usingekuwa na kosa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

La pili ni snub. Ni kumpita mtu unayemfahamu kama humwoni. Hakuna neno linalotamkwa, hakuna sababu inayotolewa, salamu tu haijibiwi. Ndilo unalomfanyia baba yako tangu mwezi wa sita. Lamin umemtafutia maneno laini mpaka Tabora. Baba yako hukumtafutia hata moja. Najua uliumia, na ungekuwa umetolewa kweli ningekuwa upande wako na kelele zangu zote. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mkataa kwao mtumwa. Nimekukasirikia, Najiat, na nimekulilia, na vyote viwili nilivifanya nikiwa hapahapa kwenye meza hii.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi Jumapili, alasiri. Huenda umeshayasikia kwa Bwana Ceesay, lakini hukuyasikia kwangu. Tulikaa sebuleni kwenu: baba yako, mama yako, Abasi na mimi. Nilimkataza Abasi kutafsiri hata salamu. Kazi yake ilikuwa kushika simu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na baba yako alisema atasema mwenyewe ile sentensi yake, kwa Kiingereza, ili mzee mwenzake ajue neno limetoka kwake.

Simu ikapokewa. Salamu zikaenda, zikarudi, afya za watu wote zikaulizwa. Bwana Ceesay ana sauti nzuri, ya mtu anayeswali kwa wakati. Zamu ya kaka ikafika. Akafungua mdomo, akauliza kuhusu mvua. Akajibiwa. Akauliza kuhusu bei ya mchele huko. Mama yako akamfinya. Akauliza kama huko asali ipo. Nikaona kabisa kwamba sentensi imemkimbia, na kwamba sasa hivi atasema tutawajulisha. Bwana Ceesay naye, kwa furaha, akasema wamefikiria kuja mwezi wa kumi na mbili, watu watano, Mungu akipenda.

Hapo baba yako aliisogelea simu. Nikafungua mdomo nimsaidie, akaninyooshea kiganja. Kisha akasema, sikupunguzii wala sikuongezei, "My friend, please. Najiat say no. And me, I am the father, I also say no."

Niliifundisha lugha hiyo miaka thelathini na kitu, na kitenzi kile nilikisikia. Sikukisahihisha.

Mama yako alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Bwana Ceesay akasema ameelewa, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Akauliza kwa nini hakuambiwa tangu mwezi wa kumi na moja, maana angemzuia kijana mapema na maumivu yangekuwa madogo. Kaka akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri, kwamba kwetu kumwambia mtu mwema hapana usoni ni kama kumtoa nje ya nyumba, naye hakutaka kumtoa. Yule mzee akafikiri. Akasema kwao pia wapo wanaosema hivyo, lakini kwa njia nyingine, na kwamba yeye ameishi Uingereza muda mrefu mpaka amesahau kusikiliza. Hakucheka. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Waliagana kwa dua, na akasema mlango wake kwako haujafungwa. Lamin mwenyewe sijui amepokeaje, na siwezi kukudanganya kwamba atapokea vizuri. Hilo ni lako kumalizia, kwa mdomo wako, ana kwa ana. Kwa mama yake nenda siku nyingine, peke yako, na usiende mikono mitupu. Nimempa Elieth chupa ya asali ya miombo umpelekee. Nyingine ni yako, usimpe mtu.

Mama yako anakusalimu sana na anasema usikate nywele. Mussa anakusalimu, amepata kazi Igunga kwenye mashine ya kukobolea mpunga na sasa anajiona mzee kuliko baba yake. Abasi anakusalimu kwa aibu, maana nimemnunia na anajua. Mzee Plasidi na mkewe wanakuombea kwa njia yao, nasi tunaitikia amina. Msalimie mama yake Lamin, mwambie shangazi yako wa Tabora anamshukuru kwa ule uji. Mwenyezi Mungu akulinde na jicho na ulimi, akupe riziki ya halali na usingizi mzuri, na wa kukuoa akija, akukute umemtaka.

Limebaki moja. Simu ilipokatika, baba yako hakuniuliza kama Kiingereza chake kilikuwa sawa. Aliniuliza, "Zamda, nikimpigia sasa, atapokea?" Nikamwambia ndiyo, atapokea. Nimekusemea bila kukuuliza, mwanangu, na ndiyo jibu pekee ambalo sikuachii uchague neno. Atakupigia Ijumaa baada ya swala.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Zamda